Uchambuzi wa kisa: Mtoto aliyeandikiwa mpasuko wa mdomo peke yake

Kisa hiki kinahusu mtoto wa kiume aliyezaliwa na mpasuko wa mdomo na kaakaa katika mkoa mmoja wa Kanda ya Ziwa, Tanzania. Majina ya watu na ya vituo yameondolewa, na mambo machache yasiyogusa tiba yamebadilishwa ili familia isitambulike. Walengwa ni wakunga, matabibu na wauguzi wa kliniki ya mama na mtoto, yaani wale wanaompokea mtoto wa aina hii kabla daktari wa upasuaji hajamwona. Uainishaji wa mpasuko hufanywa kwa dakika mbili, lakini ndio unaoamua mtoto alishweje, apimwe nini kingine na wazazi waambiwe nini kuhusu chanzo. Kwa mtoto huyu dakika hizo mbili zilikosekana siku ya kwanza, na makosa yote yaliyofuata yalianzia hapo.

## Usuli

Mama alikuwa na miaka 24, na hii ilikuwa mimba yake ya pili. Mtoto wa kwanza, wa miaka 3, hakuwa na tatizo lolote lililojulikana. Wanaishi nyumba moja na mama mkwe. Mama alianza kliniki mimba ikiwa na wiki 20 hivi, akapewa vidonge vya kuongeza damu na dozi ya SP ya kuzuia malaria. Havuti sigara, hanywi pombe, hana kisukari wala kifafa, na hakuwa ametumia dawa nyingine yoyote.

Kwenye kadi kulikuwa na swali moja la ukoo: je, kuna ndugu mwenye mdomo sungura? Baba alijibu hakuna, mama naye akajibu hakuna. Wote wawili walisema kweli, lakini jibu lao lilipotosha kila aliyesoma kadi hiyo kwa miezi miwili na zaidi.

Duniani mpasuko wa mdomo, wa kaakaa, au wa vyote viwili hutokea kwa takriban mtoto 1 katika kila 700 wanaozaliwa hai. Mpasuko wa mdomo, uwe na kaakaa au bila, huwapata zaidi watoto wa kiume, na upande wa kushoto huongoza: kwa kila watoto 6 wenye mpasuko wa kushoto kuna 3 hivi wa kulia na 1 wa pande zote mbili. Mpasuko wa kaakaa peke yake huwapata zaidi watoto wa kike. Tofauti hii si ya kukariri kwa ajili ya mtihani tu. Inaashiria kwamba hali hizi mbili zina asili tofauti, na katika kisa hiki hilo ndilo lililofumbua fumbo.

## Siku 19 za mwanzo

Mtoto alizaliwa kwa njia ya kawaida kwenye kituo cha afya, akiwa na kilo 3.1, na alilia mara moja. Zamu ya usiku ilikuwa na mkunga mmoja na kina mama watatu wenye uchungu. Aliandika: "Mdomo sungura kushoto, usio kamili. Mengine kawaida." Mama akaambiwa amnyonyeshe kama mtoto mwingine yeyote, kisha ampeleke hospitali akifikisha miezi 3.

Ushauri huo ungefaa kabisa kama mpasuko ungekuwa wa mdomo peke yake. Mtoto mwenye kaakaa zima hunyonya bila shida kubwa, kwa sababu titi lenyewe huziba pengo la mdomo. Huyu alikuwa na kaakaa lililo wazi. Kunyonya kunahitaji kinywa kifungwe pande zote ili kivute, na kaakaa likiwa wazi hewa huingia kupitia puani, mvuto haupatikani. Mtoto alishika titi, akatafuna, akachoka, akalala. Akiamka, analia. Kila mnyonyesho ulichukua saa nzima na zaidi, na maziwa yalimtoka puani.

Siku ya 9 walikwenda zahanati ya kijiji. Maziwa yaliyokuwa yakitoka puani yalichukuliwa kuwa mafua, akapewa dawa ya maji ya mafua na kurudishwa nyumbani. Hakupimwa uzito. Siku ya 19 baba aliona nepi kavu tangu asubuhi na mtoto asiyetaka kuamka, wakapanda gari kwenda hospitali ya rufaa. Alipopokelewa alikuwa na kilo 2.5, amepoteza karibu asilimia 19 ya uzito aliozaliwa nao. Macho yalikuwa yameingia ndani, ngozi ya tumbo ikivutwa inachelewa kurudi, na sukari ya damu ilikuwa 2.4 mmol kwa lita.

## Uchunguzi na uainishaji

Baada ya sukari kurekebishwa na mtoto kupata joto, kinywa kilichunguzwa kwa utaratibu. Mtoto alilazwa chali mapajani mwa muuguzi, kichwa kikielekea kwa mchunguzi, mwanga wa tochi ukitoka juu, na kibao cha kukandamizia ulimi kikawekwa mpaka nyuma. Lengo ni kukiona kilimi, yaani kinyama kinachoning'inia mwishoni mwa kaakaa laini, kwa macho. Kupapasa kwa kidole peke yake hakutoshi: kidole hufika kaakaa gumu, kikaridhika, na kuacha mpasuko wa kaakaa laini ulio nyuma zaidi. Kidole kidogo chenye glavu hutumika baada ya macho, kutafuta pengo kwenye ukingo wa nyuma wa kaakaa gumu pale ambapo utando wa juu ni mzima lakini misuli iliyo chini yake haijaungana. Dalili za mpasuko huo uliojificha ni kilimi chenye ncha mbili, mstari wa kibuluu katikati ya kaakaa laini, na pengo hilo la mfupa.

Kwa mtoto huyu hapakuwa na kilichojificha. Mdomo wa juu ulikuwa wazi upande wa kushoto, ila chini ya tundu la pua palikuwa na daraja la ngozi lenye upana wa milimita 4 hivi. Ufizi ulikuwa umeachana kwa milimita 6. Kaakaa gumu lilikuwa wazi kushoto, na mfupa unaogawa pua ulionekana ukiwa umeshikana na upande wa kulia. Kaakaa laini lilikuwa vipande viwili, na kilimi nusu huku, nusu kule.

Daraja hilo la ngozi huitwa ukanda wa Simonart, na ndilo lililompotosha mkunga. Ukiutazama uso kutoka nje, unaona mdomo ambao haujapasuka mpaka juu, unaandika "usio kamili" na kuamini kwamba tatizo ni dogo. Ukanda ule ni ngozi tu. Hauelezi chochote kuhusu ufizi na kaakaa vilivyo nyuma yake.

Timu iliandika uainishaji kwa njia tatu, na kila moja ina sababu yake. Kwa mfumo wa Veau wa mwaka 1931, huyu ni kundi la III. Kundi la I ni kaakaa laini peke yake, la II ni kaakaa laini na gumu mpaka kwenye tundu lililo nyuma ya meno ya mbele, la III ni mpasuko kamili wa upande mmoja unaopita kaakaa, ufizi na kwa kawaida mdomo, na la IV ni wa pande zote mbili. Mfumo huu ni rahisi kuutaja kwa simu unapopiga kuomba rufaa. Udhaifu wake ni kwamba hauna nafasi ya mpasuko wa mdomo peke yake, na hausemi ni upande gani.

Mchoro wa herufi Y wa Kernahan, wa mwaka 1971, unaziba pengo hilo. Mikono miwili ya Y ni pande mbili za mdomo, ufizi na kaakaa la mbele, na mguu wake ni kaakaa la nyuma. Visanduku vya 1 hadi 3 ni vya kulia, 4 hadi 6 vya kushoto, 7 na 8 ni kaakaa gumu, 9 ni kaakaa laini. Unatia wino palipopasuka. Kwa mtoto huyu visanduku vya 4 hadi 9 vilitiwa wino, na hata mama aliweza kuuelewa mchoro.

Njia ya tatu ni herufi za LAHSHAL zilizopendekezwa na Kriens mwaka 1989. Husomwa kutoka kulia kwa mgonjwa kwenda kushoto kwake: mdomo (L), ufizi (A), kaakaa gumu (H), kaakaa laini (S), kisha kaakaa gumu, ufizi na mdomo wa upande wa pili. Herufi kubwa ni mpasuko kamili, ndogo ni usio kamili, na sehemu nzima huwekewa nukta. Huyu aliandikwa ...SHAl, herufi ya mwisho ikiwa ndogo kwa sababu ya ukanda wa Simonart. Wapo madaktari wa upasuaji ambao wangeiandika kubwa wakisema ukanda ule si mdomo. Mjadala huo haudhuru kitu mradi S, H na A zimeandikwa, kwa sababu hizo tatu ndizo zinazomwambia muuguzi kwamba mtoto hataweza kuvuta maziwa. Katika orodha ya kimataifa ya magonjwa, ICD-10, alipewa Q37.5.

Baada ya kinywa, alichunguzwa mwili mzima: moyo, macho, masikio, vidole, uti wa mgongo, na ukubwa wa taya la chini. Taya dogo lililorudi nyuma pamoja na kaakaa lililo wazi huleta hatari ya ulimi kuziba njia ya hewa, na mtoto wa namna hiyo hulazwa kifudifudi au ubavu akiwa chini ya uangalizi. Kwa huyu vyote vilikuwa sawa.

## Kumlisha

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuacha kumlazimisha titi kama njia kuu. Mama alifundishwa kukamua maziwa mara 8 kwa siku, pamoja na usiku, kwa sababu titi lisilonyonywa vizuri kwa siku 19 lilikuwa limeanza kukauka. Siku 2 za kwanza maziwa yalipitishwa kwenye mrija mpaka tumboni: mililita 30 kila saa 2, jumla mililita 360 kwa siku. Kipimo cha kawaida ni mililita 150 kwa kila kilo kwa siku, kwa hiyo kwa kilo 2.5 hiyo ilikuwa karibu sawa. Mtoto alipopata nguvu kiasi kilipandishwa mpaka mililita 55 kila saa 3, ili afidie uzito aliopoteza.

Baada ya mrija alihamia kikombe kidogo, baadaye chupa laini ya plastiki inayobinyika yenye chuchu iliyopasuliwa kwa alama ya msalaba. Mtoto hukaa wima, si chini ya digrii 45, kichwa kikishikiliwa kwa nyuma. Chuchu huelekezwa upande ambao kaakaa ni zima. Mlishaji hubinya chupa mtoto anapotafuna, na huacha anapopumzika. Kubinya mfululizo ndiko kunakompalia, na hilo ni kosa la kawaida la bibi mwenye haraka. Mtoto wa aina hii humeza hewa nyingi, hivyo hubeulishwa katikati na mwishoni mwa mlo. Mlo mmoja usizidi dakika 30. Ukizidi hapo, nguvu anazotumia kula zinaanza kuzidi anazopata.

Kutoka siku ya 3 wodini aliongezeka kati ya gramu 30 na 40 kwa siku. Aliruhusiwa akiwa na umri wa mwezi mmoja na kilo 2.8, baada ya mama na mama mkwe, kila mmoja peke yake, kumlisha mara tatu mfululizo mbele ya muuguzi. Kumhusisha mama mkwe kulitokana na hesabu ya nyumbani: yeye ndiye angekaa na mtoto mama akienda shambani.

## Swali la chanzo

Swali la chanzo liliibuka wodini mapema, na mama mkwe ndiye aliyeliibua. "Dawa zile za kliniki ndizo zilizomla mtoto mdomo," alisema. Wifi naye alikuwa amesema mama alimcheka mlemavu sokoni mimba ikiwa na miezi mitano. Mama mwenyewe hakusema kitu.

Tabibu hakubishana na imani. Alichukua kadi na kuonyesha tarehe. Uso wa mtoto huundwa mapema sana. Wiki ya 6 hadi ya 7 tangu mimba kutungwa, miinuko ya katikati ya pua hukutana na miinuko ya taya la juu na kuunda mdomo wa juu, ufizi wa mbele na kaakaa la mbele. Kaakaa la nyuma lina ratiba yake. Mabamba yake mawili huanza yakiwa yamening'inia wima pembeni mwa ulimi. Karibu na wiki ya 8 ulimi hushuka, mabamba huinuka na kulala, kisha huungana kutoka mbele kwenda nyuma hadi kwenye kilimi, na kazi hiyo hukamilika karibu na wiki ya 12. Kliniki huhesabu kuanzia hedhi ya mwisho, kwa hiyo ongeza wiki 2 kwa kila namba hapo juu.

"Bibi," alisema, "dawa hii ilimezwa mimba ikiwa na wiki 20. Mdomo wa mtoto ulikuwa umeshabaki wazi zaidi ya miezi miwili kabla. Na aliyechekwa sokoni mwezi wa tano naye hahusiki, kwa tarehe hizo hizo."

Hoja ya tarehe ilifanya kazi pale ambapo hotuba kuhusu ushirikina isingefanya. Pia ilikuwa na faida ya kinga: mama mkwe aliyeamini kwamba SP ndiyo iliyoharibu angemzuia mkwewe kuimeza mimba ijayo, na malaria ya mimba inaua. SP haitolewi miezi mitatu ya mwanzo kwa sababu inaingilia kazi ya foliki asidi mwilini, na kadi ilithibitisha kwamba kanuni hiyo ilifuatwa.

Ziko sababu za nje zinazojulikana: sigara, pombe nyingi, kisukari ambacho mama alikuwa nacho kabla ya mimba, unene uliokithiri, na baadhi ya dawa zikitumika wiki hizo za mwanzo, hasa za kifafa kama fenitoini, valproeti na topirameti, pamoja na dawa za chunusi za jamii ya vitamini A. Hakuna iliyomhusu mama huyu. Watoto wengi wenye mpasuko wa mdomo na kaakaa hawana sababu moja inayoweza kunyooshewa kidole: vinasaba kadhaa vyenye nguvu ndogo hukutana na mazingira, na matokeo ni pengo. Familia iliambiwa hivyo. Iliambiwa pia kwamba wazazi wasio na mpasuko wakishapata mtoto mmoja mwenye mpasuko wa mdomo, uwezekano kwa mtoto anayefuata ni kati ya asilimia 3 na 5. Kwa taarifa zilizokuwepo siku ile, namba hiyo ilikuwa sahihi.

## Vishimo viwili

Mtoto alirudi akiwa na wiki 10. Alikuwa na kilo 4.0 na kiwango cha damu 9.2 g/dl. Muuguzi aliketi uso kwa uso na mama akimtazama anavyolisha, na akaona kwamba mama anafuta mdomo wake wa chini kwa pembe ya kanga kila baada ya dakika chache. Alipoangalia vizuri aliona vishimo viwili, kimoja kila upande wa mstari wa katikati, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa tundu la sindano nene, na kutoka kimojawapo tone dogo la mate likichomoza. Mama alisema anavyo tangu azaliwe. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Maswali ya ukoo yakaulizwa upya, safari hii kwa namna nyingine. Kuna ndugu anayezungumza king'ong'o? Anayetokwa na maji puani akinywa? Mwenye vishimo kama hivi, au ambaye baadhi ya meno ya ukubwani hayakuota? Jibu lilikuja mara moja: kaka wa mama, mwenye miaka 31, huzungumza king'ong'o tangu utoto. Mdomo wake ni mzima. Ukooni ilijulikana tu kwamba ndiyo sauti yake. Alipoitwa na kuchunguzwa, alikuwa na mpasuko wa kaakaa laini na gumu, kundi la II la Veau, ambao hakuna mtu aliyewahi kuutazama.

Hapa ndipo uainishaji na chanzo vinapokutana. Mpasuko wa mdomo (uwe na kaakaa au bila) na mpasuko wa kaakaa peke yake kwa kawaida haviingiliani katika ukoo mmoja. Ni matukio ya wiki tofauti, yenye vinasaba tofauti. Ukikuta vyote viwili katika damu moja, fikiria ugonjwa wa Van der Woude kabla ya kitu kingine. Ulielezwa mwaka 1954, na mwaka 2002 ilibainika kwamba unatokana na hitilafu kwenye jeni ya IRF6 iliyo kwenye kromosomu namba 1. Mtu mmoja huonyesha vishimo tu, mwingine kaakaa, mwingine mdomo na kaakaa, na wengine wachache hawaonyeshi chochote. Vishimo vya mdomo wa chini pamoja na mpasuko ukooni vinatosha kuutambua kwa macho, na kipimo cha vinasaba, ambacho hakikupatikana, hakikuhitajika ili kutoa ushauri.

Namba ikabadilika. Kila mimba ya mama huyu ni kurusha sarafu upya: asilimia 50 mtoto arithi jeni hiyo. Akiirithi, anaweza kuwa na mpasuko au vishimo tu.

Namna ya kulisema hili ilijadiliwa kwa muda mrefu kuliko utambuzi wenyewe, na ilistahili. Chanzo kilikuwa upande wa mama, ndani ya nyumba ambayo mama mkwe alikuwa ameanza kumtafuta mkosaji. Taarifa sahihi ingeweza kugeuka silaha siku hiyo hiyo. Mama aliambiwa kwanza, peke yake, akaulizwa nani aambiwe na nani asiambiwe. Alitaka mumewe aelezwe na daktari, yeye akiwepo. Mume alielezwa kwamba mkewe alizaliwa na jeni hiyo kama mtu anavyozaliwa na kundi lake la damu, kwamba hakuna alichokula au kufanya, na kwamba mtoto wa kwanza alirithi upande wa pili wa sarafu, kwa kadiri uchunguzi wa mdomo na kaakaa lake ulivyoonyesha. Mama mkwe aliambiwa kile tu alichoruhusu mama, yaani kwamba hali ya mtoto ni ya kuzaliwa nayo na inatibika.

## Upasuaji na matokeo

Kwa wiki 10 hakufaa kupasuliwa. Kanuni ya kumi, inayotumika tangu miaka ya 1960, inataka wiki 10, ratili 10 (kilo 4.5 hivi) na damu 10 g/dl. Alikuwa na sharti moja kati ya matatu. Familia ilikuwa imekopa nauli na iliomba afanyiwe hivyo hivyo. Timu ilikataa, ikampa madini ya chuma, na ikaeleza kwamba damu ndogo huongeza hatari ya nusu kaputi na kuchelewesha kidonda kupona. Mdomo ulishonwa akiwa na miezi 5, kilo 5.6 na damu 10.6, kwa mbinu ya Millard ya kuzungusha na kusogeza nyama. Upasuaji wenyewe haukulipiwa, kwani hospitali kadhaa Tanzania na Kenya hufadhiliwa na mashirika kama Smile Train kwa kazi hii. Nauli na chakula ndivyo vilivyokuwa mzigo.

Kaakaa lilifungwa akiwa na miezi 13 na kilo 8.4. Wiki 6 baadaye palikuwa na tundu la milimita 3 mahali kaakaa gumu linapokutana na laini. Halipitishi chakula, maji kidogo tu, na uamuzi ulikuwa kusubiri. Akiwa na miezi 16 alitamka "mama" na "baba" kwa sauti safi, lakini hakugeuka akiitwa kwa nyuma. Masikio yote mawili yalikuwa na majimaji nyuma ya ngoma.

## Uchambuzi

Kilichofaulu zaidi ni ulishaji wenye namba. Mililita, saa, dakika na digrii ziliandikwa kwenye karatasi iliyokwenda nyumbani, na walishaji wawili walijaribiwa kabla ya ruhusa. Bila hivyo mtoto angerudi wodini. Kuahirisha upasuaji pia kulikuwa sahihi, ingawa uamuzi huo uliuma siku ile.

Kosa la siku ya kwanza halikuwa la uzembe. Mkunga alikuwa peke yake, na ukanda wa Simonart unamdanganya hata mzoefu. Fomu ya uzazi haikuwa na sehemu ya kaakaa, kwa hiyo neno "kawaida" lilijaza nafasi ya uchunguzi ambao haukufanyika. Tiba yake ni ya bei ndogo: tochi yenye betri na kibao cha ulimi kwenye meza ya mtoto, na mstari mmoja kwenye fomu unaosema "kilimi kimeonekana: ndiyo/hapana". Kituo kile kimeuongeza mstari huo kwa mkono. Mtoto mwenye mpasuko wowote anapaswa pia kupimwa uzito siku ya 3, ya 7 na ya 14, kwa sababu mtoto wa kawaida huwa amerudia uzito wa kuzaliwa kati ya siku ya 10 na ya 14. Kipimo cha siku ya 9 kingemuokoa huyu siku 10 za njaa. Na kwa yeyote aliye zahanati: maziwa yanayotoka puani kwa mtoto mchanga ni sababu ya kufungua kinywa chake na kutazama, kabla ya kuandika mafua.

Swali la ukoo lilishindwa kwa sababu lilitaja mdomo tu. Mtu mwenye kaakaa lililopasuka na mdomo mzima hahesabiki kuwa na mdomo sungura, na ndugu zake hawatamtaja. Uliza kuhusu king'ong'o, vinywaji vinavyotoka puani, vishimo na meno. Kisha watazame wazazi wenyewe, midomo yao yote miwili, kwenye mwanga mzuri. Ushauri wa asilimia 3 hadi 5 ulitolewa kabla ya mtu yeyote kumtazama mama usoni kwa lengo hilo, na kuusahihisha baadaye kulihitaji uaminifu ambao kwa bahati nzuri ulikuwa umeshajengwa na wiki za ulishaji.

Masikio yalisahauliwa moja kwa moja. Misuli inayofungua mrija kati ya sikio na koo hujishikiza kwenye kaakaa laini, kwa hiyo karibu kila mtoto mwenye kaakaa lililo wazi hupata majimaji sikioni. Herufi S kwenye ...SHAl ilitosha kumpangia kipimo cha usikivu tangu siku ya kwanza ya rufaa. Sasa amepangiwa kuwekewa vijirija masikioni, na mtaalamu wa matamshi atamwona baada ya hapo, kwani kumfundisha kutamka mtoto asiyesikia vizuri ni kupoteza muda wa wote. Pengo la ufizi litasubiri mpaka kati ya miaka 8 na 11, kabla chonge la kudumu halijaota, ndipo lijazwe mfupa kutoka nyonga.

Kaka wa mama amepewa rufaa yake. Kufunga kaakaa ukubwani kunazuia chakula kutoka puani, lakini sauti iliyokaa miaka 30 haibadiliki kirahisi, na aliambiwa hivyo kabla hajakubali.

Kwa mimba ijayo, kadi ya mama imeandikwa: foliki asidi mikrogramu 400 kila siku kabla ya kushika mimba na mpaka wiki ya 12, huku akijua kwamba haifuti jeni aliyonayo, picha ya ultrasaundi kati ya wiki ya 18 na 22, ambayo inaweza kuonyesha mdomo lakini mara nyingi haioni kaakaa, kujifungulia hospitali, na chupa laini iwe kwenye mfuko wa kujifungulia.